Programu yangu ya binary ilivyomkosesha Bi Somoe kazi Kilwa

Wakuu, salamu kwenu, wakubwa zangu shikamooni.

Jana nimeona uzi wa kijana anauliza namna ya kubadili namba za kawaida, yaani decimal, ziwe binary kwa programu. Mmemjibu kwa mstari mmoja, tumia function fulani, kazi imekwisha. Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akataka kuiona simu.

Kwangu mimi hicho kitu kidogo kilimkosesha mtu kazi, kikanivua ualimu, na kikanisafirisha juu ya magunia ya chumvi kutoka Lindi mpaka Nangurukuru. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale yanayoniaibisha, na hayo ndiyo mengi.

Twende.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila tangazo la ajira lina maneno "awe na ujuzi wa kompyuta". Lindi mjini kompyuta zenyewe ungeweza kuzihesabu ukiwa umekaa barazani. Lakini kila mtu alitaka cheti.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mtoto wa mkulima wa korosho kutoka Rutamba. Nilikwenda Dar kusoma kompyuta, nikasoma wiki tisa, nikaugua, nikarudi nyumbani, na sikurudi tena chuoni.

Wiki tisa, wakuu. Nilichotoka nacho ni daftari moja la notsi na barua inayosema fulani amehudhuria. Haikusema amefaulu. Haikusema hata ameelewa.

Ila ile barua ilikuwa na muhuri wa bluu, mkubwa kama kisosi.

Sasa Lindi kulikuwa na mzee mmoja, nitamwita Mzee Chitanda, mhasibu aliyepunguzwa kwenye shirika moja la umma. Alipopata kiinua mgongo, wenzake walinunua mashine za kusaga. Yeye akanunua kompyuta tatu zilizotumika, akafungua chuo kwenye chumba kilichokuwa stoo ya duka. Aliutazama muhuri wangu kwa heshima zote, akaniuliza swali moja tu.

"Kijana wangu, hizi mashine unaziweza?"

"Naziweza, mzee."

Nikawa mwalimu.

Kwa vijana wa leo, chumba cha kompyuta wakati ule kilikuwa kama msikiti. Unavua viatu mlangoni. Mapazia yanashushwa vumbi lisiingie. Mashine zinafunikwa vitambaa vya kufuma. Ya kwanza ilikuwa nzima, ya pili haikuwa na kitufe cha E, na ya tatu iliwaka ikijisikia. Nyumbani Rutamba, baba alishatangaza kijiji kizima kuwa mwanawe ni bingwa wa kompyuta, kwa hiyo kila nikienda likizo naletewa redio mbovu nitengeneze.

Wanafunzi walikuwa kumi na moja, karibu wote wakubwa kuliko mimi. Wawili ndio wa kuwashika kwenye kisa hiki.

Wa kwanza ni Issa, kijana wa rika langu, mcheshi, mwepesi wa kuitikia "ndiyo mwalimu" kabla hujamaliza sentensi.

Wa pili ni Bi Somoe. Mama wa miaka arobaini hivi, mpiga chapa wa miaka mingi, naye amepunguzwa shirika lao lilipouzwa. Alikaa mtaa wa Mtanda, palepale Lindi, na watoto watatu. Mumewe alikuwa Pande, kule wilaya ya Kilwa, ana shamba na vyombo vyake vya baharini, wanaonana kwa kubahatisha. Alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vya kutisha. Akianza kuchapa, hata Mzee Chitanda alikuwa anatoka ofisini kuja kusikiliza.

Kulikuwa na jambo la kuchekesha kati yangu na yeye. Nje ya mlango, wakati tunavua viatu, mimi namwambia "shikamoo Bi Somoe", naye anaitikia "marahaba mwanangu". Tukishavuka kizingiti, yeye ananiambia "mwalimu", na mimi najifanya mtu mzima.

Sasa tuje kwenye binary. Wanaoijua wanivumilie.

Kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja tu. Ukitaka kubadili namba ya kawaida, unaigawanya kwa mbili, unaandika baki, unaendelea hadi iishe. Halafu unasoma zile baki kutoka chini kwenda juu. Chukua sita. Sita kwa mbili ni tatu, baki sifuri. Tatu kwa mbili ni moja, baki moja. Moja kwa mbili ni sifuri, baki moja. Soma kutoka chini: 110.

Kuhakiki ni rahisi. Kutoka kulia nafasi zina thamani ya moja, mbili, nne, nane, na kuendelea. 110 maana yake nne ipo, mbili ipo, moja haipo. Nne na mbili, sita. Kwisha.

Haya yote yalikuwa kwenye daftari langu, na niliyafundisha ubaoni wiki ya kwanza, kwa kujiamini kabisa.

Nikaona haitoshi. Nikataka niwaonyeshe programu, ili wajue wamefundishwa na mtu aliyetoka Dar. Nikaandika kwa QBasic, lugha ya programu ya enzi hizo, sehemu nakumbuka, sehemu nabuni:

INPUT namba
DO
baki = namba MOD 2
PRINT baki;
namba = namba \ 2
LOOP WHILE namba > 0

Wenye jicho mmeshaona. Wengine subirini.

Nikaijaribu kwa 5, ikatoa 1 0 1. Sawasawa. Nikaijaribu kwa 7, ikatoa 1 1 1. Sawasawa. Nikaijaribu kwa 9, ikatoa 1 0 0 1. Sawasawa. Darasa likapiga makofi. Mzee Chitanda akaleta soda.

Miezi mitatu nikafundisha kwa mifano hiyohiyo. Tatu, tano, saba, tisa. Sikuwa na sababu yoyote ya kuchagua hizo. Zilinijia tu, labda kwa kuwa namba witiri zinaonekana ngumu zaidi, na mimi nilipenda kuonekana mgumu.

Mwishoni mwa mafunzo ikaja habari. Kuna mradi unafungua ofisi Kilwa Masoko, wanatafuta karani wa kompyuta. Walimwandikia Mzee Chitanda awapelekee jina la mwanafunzi wake bora, atakayekuwa wa kwanza kwenye mtihani. Jina moja tu.

Bi Somoe aliposikia Kilwa Masoko, ndiyo mara ya kwanza nikamwona anatabasamu darasani. Kutoka Pande kuja Masoko ni karibu, siyo kama kutoka Pande kuja Lindi. Alimwambia mwenzake wa pembeni, nikasikia, "Watoto wataishi na baba yao."

Nikatunga mtihani. Mzee Chitanda akapitia, akasema, "Kwenye hii binary weka namba ya watu wazima, siyo hizi za chekechea." Nikaweka hamsini. Wafanye kwa mkono, na kuonyesha njia.

Mwongozo wa kusahihisha niliutengenezaje? Sikukaa kupiga hesabu. Niliandika 50 kwenye programu yangu, ikatoa 0 1 0 0 1 1, nikanakili.

Bi Somoe aliandika 110010.

Nikamkata. Si kumkata tu, nilimwandikia kwa kalamu nyekundu: "Umegeuza. Soma swali kwa makini." Wawili waliokaa karibu naye nao waliandika 110010, nikahitimisha kuwa wamenakili kosa lake. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo. Watu watatu wananiambia kitu kimoja, nikaona ni genge.

Issa aliandika 010011. Alisahau kusoma kutoka chini, akasoma kutoka juu. Nikampa zote.

Issa akawa wa kwanza. Bi Somoe wa pili, nyuma yake kwa alama nne. Swali lile lilikuwa na alama kumi.

Barua ikagongwa muhuri, Issa akaondoka nayo Ijumaa kwenda kufikia kwa shangazi yake Kilwa kusubiri usaili.

Jumamosi asubuhi Bi Somoe akaja na karatasi yake. Hakuja na ugomvi. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, naomba unielekeze nilipokosea."

"Umegeuza jibu, Bi Somoe."

"Nimehakiki kwa njia uliyotufundisha. Thelathini na mbili, kumi na sita, na mbili. Ni hamsini. Hili lako mwalimu nimelihakiki pia. Linanipa kumi na tisa."

Wakuu, pale palikuwa na mlango wazi wa kutokea na heshima yangu. Nilipaswa kuchukua kalamu nikajumlisha namba tatu. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Badala yake nikamwambia, "Bi Somoe, jibu hili limetoka kwenye kompyuta. Kompyuta haikosei."

Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Akakunja karatasi yake mara nne, akaitia kwenye mkoba, akasema "ahsante mwalimu", akaenda kuvaa viatu vyake.

Mchana nikabaki peke yangu. Lile neno kumi na tisa lilikuwa limenikaa kama mwiba wa samaki. Nikawasha mashine ili nijiridhishe kuwa yule mama hajui. Nikasema nianze na ndogo kabisa. Nikaandika 2.

Ikatoa 0 1.

Sifuri moja ni moja. Hata mimi wa wiki tisa nilijua hilo. Nikaandika 4, ikatoa 0 0 1. Moja tena. Nikaandika 8, ikatoa 0 0 0 1. Kwa ile mashine, mbili, nne na nane zote zilikuwa moja.

Nikakaa chini, jasho linanitoka na feni inazunguka. Programu ilikuwa inachapa kila baki papo hapo inapopatikana, kwa hiyo ya kwanza kupatikana inatangulia mbele, wakati ilipaswa kuwa ya mwisho. Jibu linatoka kinyumenyume. Na 3, 5, 7, 9 ukizisoma kwa binary kutoka mbele au kutoka nyuma ni zilezile. 11, 101, 111, 1001. Miezi mitatu nilikuwa nafundisha kwa aina pekee ya namba ambazo zingenifichia aibu.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari miwili. Unaweka baki mpya mbele ya zile za zamani, jibu$ = STR$(baki) + jibu$, na unachapa mara moja mwishoni, nje ya loop. Dakika tano.

Nikarekebisha. Nikaandika 50, ikatoa 1 1 0 0 1 0.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mtanitukana. Sikukimbilia Mtanda kwa Bi Somoe. Nilifunika mashine kitambaa, nikaenda kula, nikaamua kunyamaza. Nilijiambia barua imekwenda, Issa ni kijana mzuri, Bi Somoe atapata nyingine. Nilijiambia mambo mengi sana kwa mtu aliyekuwa anakula wali na kibua peke yake.

Jumatatu darasani mwanafunzi mmoja akaijaribu programu kwa 50.

"Mwalimu, leo imetoa jibu la Bi Somoe."

Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Ni umeme. Juzi voltage ilikuwa chini."

Wallahi nilisema hivyo. Na kwa kuwa umeme wa Lindi wakati ule ulikuwa na dhambi za kutosha, watu wakaanza kuitikia kwa vichwa. Walikuwa tayari kuniamini. Nikageuka nikamwona Bi Somoe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayekwambia hajala sukari, na sukari ipo kwenye kidevu.

Sikumaliza kipindi. Nilitoka nikaingia ofisini kwa Mzee Chitanda, nikamweleza yote. Programu, mtihani, kalamu nyekundu, voltage. Nikamweleza na ile barua yangu ya wiki tisa, maana nilishafika mbali.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo huyu mama alikuwa sahihi."

"Ndiyo, mzee."

"Na ulijua tangu Jumamosi."

"Ndiyo, mzee."

"Usaili ni Jumatano," akasema. "Mimi nitaandika barua nyingine. Wewe utaipeleka kwa miguu yako, pamoja na yeye. Utasema kwa mdomo wako."

Barabara ya Lindi kwenda Nangurukuru wakati ule wenyeji wa kusini mnaijua, sina haja ya kuieleza. Jumanne alfajiri tukapata lori la chumvi. Bi Somoe akapewa nafasi mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia. Chumvi na jua na jasho, wakuu. Nilifika Nangurukuru nimekaushwa kama ng'onda. Tukafikia kwa ndugu zake, na kesho yake asubuhi tukaingia Masoko.

Ofisi ilikuwa na meza mpya na bwana mmoja kutoka Dar, suruali imepigwa pasi hadi inakata. Issa alikuwa kwenye benchi nje. Alipotuona alidhani tumekuja kumtia moyo.

Nikamweleza yule bwana. Nilijiandaa njiani, nikaeleza vizuri, decimal, binary, baki, kinyumenyume, nilivyoirekebisha programu, alama kumi. Nikasema mimi ndiye niliyekosea na mama huyu ndiye wa kwanza.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Binary ni nini?"

Nikadhani ananitega. Hakuwa ananitega.

"Mwalimu, sisi tunataka mtu wa kuchapa orodha ya vifaa vinavyoingia na kutoka. Barua yenu ya kwanza ilisema Issa, nikapeleka jina Dar. Limeshapitishwa. Leo hii ni kumwona tu sura."

Bi Somoe akaomba, kwa upole, achape ukurasa mmoja mbele yake. Akamruhusu. Akachapa. Yule bwana alisimama kutoka kwenye kiti chake akaenda kusimama nyuma yake, na uso ukamshuka.

"Mama, ungekuja na barua ya kwanza," akasema.

Akamwahidi watamfikiria nafasi ikitokea. Haikutokea.

Tukarudi hadi Nangurukuru kusubiri gari. Tukakaa kwenye kibanda cha mama mmoja, chai na mihogo mbele yetu, mimi nikiangalia mihogo. Nikamwomba radhi. Nilitumia maneno mengi. Akaniacha nimalize.

"Kazi ni riziki," akasema. "Sitakudanganya, imeniuma, nilishamwambia mume wangu. Lakini kilichonichoma zaidi ni kingine. Jumamosi ulijua nina haki ya kuuliza, ukanifukuza kwa mashine. Jumatatu mlangoni ukaniambia shikamoo."

Nikaurudisha muhogo sahanini.

Akanywa chai yake. "Mwanangu, nataka kukuuliza. Ile ya kuweka baki mbele ya zilizotangulia, uliiwaza mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi kichwa unacho. Kujifunza ndiyo hujataka. Ukifika mwambie Mzee Chitanda lile darasa nalitaka mimi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nilimwambia Mzee Chitanda siku hiyohiyo tuliyofika, kabla sijanawa vumbi la njiani. Akauliza, "Na wewe utafanya nini?"

"Nitakaa darasani, mzee."

Ndivyo ilivyokuwa. Bi Somoe alishika chaki, mimi nikashika benchi la nyuma, kwenye mashine isiyo na E. Mwaka mzima. Alikuwa anasoma somo usiku uliotangulia na kulifundisha kesho yake, na asipojua kitu alisema "hili sijui, tutafute", kisha kweli anatafuta. Hapo ndipo nilipojifunza programu. Vyeti vyangu vyote vya baadaye vilikuja juu ya msingi ule. Baada ya miezi michache mumewe alichoka kusubiri Kilwa, akahamia Lindi na nyavu zake, akilalamika kuwa samaki wa huku hawana adabu.

Nilichojifunza sitakipamba. Ukiandika programu, ijaribu kwa namba unayoona haina haja ya kujaribiwa. Na mtu mzima akikujia na karatasi mkononi, jumlisha kwanza, cheo utakitafuta baadaye.

Issa tunawasiliana hadi leo. Mwaka juzi nilimsimulia kisa chote kwa mara ya kwanza, maana hakuwahi kujua kwa nini tulikuja Masoko siku ile. Akasema miaka minne aliyokaa kwenye ile ofisi, kila mgeni akitoka Dar alikuwa anajificha chooni, akiogopa ataulizwa habari za hamsini, maana baada ya mtihani aligundua kuwa alisoma kutoka juu na bado akapewa zote.

Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Haya wakuu, uwanja wenu. Waliowahi kufundishwa na mwalimu kama mimi semeni, na walimu wenzangu wa wiki tisa msijifiche. Matusi nayapokea, ila yahakikini kwanza.